Ngamia wa Dawa ya Mboga

Kipande cha gazeti kilichofungia mahamri ndicho kilichomtia tamaa Komora, mchuuzi wa dawa za kubahatisha. Kilisema wataalamu wa ng'ambo wameona kwenye mboga za majani chembechembe za kumpunguzia kichefuchefu mgonjwa anayetibiwa saratani. Sentensi ya pili, iliyosema utafiti bado unaendelea, ilikuwa imelowa mafuta, na Komora hakuwa mtu wa kugombana na mafuta.

Kwao mtoni sukuma wiki ilikuwa tele. Angepeleka majani mabichi mtaani Waberi, wafugaji wa huko wangemwambia awape mbuzi. Basi akayaanika, akayatwanga, akatia unga chupani, akabisha kwa Salat, tajiri wa ngamia. Mkewe, Bishara, alikuwa ametoka kudungwa dawa kali za saratani Nairobi, na kila alacho hukitapika.

"Mzee, hii imetoka Uswisi."

"Mke wangu nabona?" aliuliza Salat, kwa lafudhi ya kwao inayogeuza p kuwa b.

"Atapona mpaka akimbie!"

Bishara, asiyebakiwa na unywele hata mmoja chini ya shungi, alilamba unga, akamkazia Komora macho, kisha akamnong'oneza mumewe. Komora aliona haya. Lakini haya ni kama mafua, hupita.

"Besa hakuna," alisema Salat. "Chukua ngamia hii. Iko na maziwa mingi."

Ngamia mzima! Komora alimkokota moja kwa moja hadi soko la mifugo. Dalali Nuh alitazama chapa shingoni mwa mnyama, akacheka akishika mbavu.

"Hii alama ya Salat. Hujabewa ngamia, wewe, umebewa maziwa! Kwetu unachunga, unakamua, halafu unarudisha, na mtoto yake. Ukiuza, ukoo mzima nakuja kukuuliza."

Ukoo haukuwa mbali. Wanaume saba walikwishaacha biashara zao, wakamsindikiza Komora hadi nyumbani kwa Salat, Waberi, kwa heshima zote, wakaketi mlangoni.

Bishara alikuwa mkekani.

"Sukuma ya mtoni naijua," alisema. "Nimetabika mara mbili. Tumbo yangu inakubali maziwa ya ngamia beke yake, na mchungaji wetu ametoroka. Nilimwambia mzee, mchungaji amejileta mwenyewe. Utaniletea kila asubuhi."

Komora aliwatazama wale saba. Hakuna aliyeonekana kuwa na haraka.

"Mpaka lini, mama?"

"Mbaka nibone. Si wewe ulisema?"

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi yake, Komora alimwombea mteja apone, tena kwa machozi.