Msiba wa Samaki wa Kanyenye

Mzungu wa ndorobo, yule aliyeletwa na serikali kupigana na mbung'o, alipopata uhamisho alinadi vyombo vyake vyote. Mbung'o walibaki. Viti vilinunuliwa, kitanda kilinunuliwa, hata kofia yake ya jua ilipata mwenyewe. Kilichokosa mnunuzi ni sanduku la kioo lenye maji, mchanga, majani na samaki wasiofika urefu wa kidole. Mnadi alilisifu mpaka sauti ikamkauka. Mama mmoja akauliza samaki wale ni mboga ya watu wangapi, na alipoambiwa kwamba hawaliwi, wanatazamwa tu, alitikisa kichwa akimwonea huruma Mzungu.

Yahaya hakucheka. Alikuwa boi wa nyumba ile, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye yale maneno matamu yanayomtoa nyoka pangoni. Kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwatunza samaki wale, na aliidharau kazi hiyo kwa moyo wote. Sasa aliwatazama watu waliokizunguka kile kioo, akaona jambo ambalo mnadi hakuliona. Hawakununua, ni kweli. Lakini hawakuondoka.

"Utawatunza?" Mzungu alimwuliza, maana alikwisha kata tamaa ya kuuza.

"Kama wanangu wa kuwazaa, bwana."

Akapewa bure.

Sasa twende mtaa wa Kanyenye, hapo hapo Tabora, kwa Masolwa, mwuza asali, Mnyamwezi mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: jirani. Jirani huyo ni Mussa, fundi cherehani, ambaye alikuwa amenunua redio. Tangu siku hiyo watu wote wa mtaa walikuwa wakikaa barazani kwa Mussa jioni, wakisikiliza habari za nchi wasizozijua na kutikisa vichwa kana kwamba wamezielewa. Baraza ya Masolwa ilibaki na Masolwa. Mkewe, Apolinaria, alimwambia kwamba upweke hauui, lakini Masolwa alikonda kweli.

Mali yake ilikuwa moja, baiskeli. Kwayo aliingia msituni kwa wafuga nyuki, kwayo alirudi na madebe ya asali, na kwayo nyumba ilikula. Yahaya alikuwa akiitamani baiskeli hiyo kwa muda mrefu.

"Mwangaluka, mtani!" akabisha hodi kwa Kinyamwezi chake kibovu, kioo kikiwa kwenye mkokoteni nyuma yake.

Hapa inafaa kueleza. Tangu zama za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na kupita Uzaramo, makabila haya mawili ni watani. Mtani atakutukana, atachukua kuku wako, na ukifiwa atakuja kuizuia maiti yako mlangoni mpaka umpe ada yake. Yote hayo ni halali. Haramu ni moja, kukasirika. Sheria hii haikuandikwa na serikali yoyote, na labda ndiyo sababu watu wanaifuata.

Masolwa alikizunguka kioo mara kadhaa. "Wanafanya nini hawa?"

"Wanaogelea."

"Redio ya Mussa inasema."

"Ndiyo maana ni ya fundi cherehani. Mtani, umewahi kumwona mkubwa wa boma akipiga kelele? Wakubwa hunyamaza. Na hawa wananyamaza. Mzungu wangu alipokuwa na jambo zito la kufikiri, alikaa mbele ya samaki hawa."

"Na akipata njaa?" Apolinaria aliuliza.

"Mama, usiseme hivyo mbele yao!" Yahaya akakifunika kioo kwa mikono miwili. "Hawa ni wanangu. Nimewalea tangu wakiwa mayai. Kuwauza kwa fedha siwezi, ningelaaniwa." Akashusha pumzi, macho yakielekea ukutani. "Kwa baiskeli, labda."

Apolinaria alisema hapana. Alisema hivyo kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyamwezi, kisha kwa kupiga sufuria. Masolwa hakusikia, maana alikuwa tayari anaisikia sauti ya watu wakiondoka barazani kwa Mussa.

Baiskeli ikatoka, kioo kikaingia, na Yahaya akatoa mafunzo ya malezi. Alijua vizuri samaki wa kioo wanavyoishi, kwa kuwa Mzungu alimfundisha kwa makelele mpaka akaelewa. Alichofanya ni kuyageuza mafunzo yote miguu juu. Mzungu alikiweka kioo kivulini. Yahaya akaagiza kikae barazani panapopiga jua, wapita njia wakione. Mzungu aliwapa chembe kidogo za chakula. Yahaya akasema mgeni asiposhiba aibu ni ya mwenyeji, basi wapewe ugali asubuhi, mchana na jioni. Majani yang'olewe, yanawaficha sura. Maji yamwagwe yote kila alfajiri, mchanga usuguliwe kwa majivu, na maji mapya yatiwe yakitoka kisimani, baridi hivyo hivyo.

"Na wasiwe wachache," akamalizia. "Samaki ni kama sisi, wanapenda jamaa."

Jioni ile redio ya Mussa ilisema peke yake. Mtaa mzima ulikuwa kwa Masolwa, na Mussa mwenyewe alikuja, akasimama nyuma, akasema samaki si wabaya ila hawana habari mpya. Masolwa alilala akitabasamu.

Haukupita muda, samaki walikuwa juu ya maji, matumbo yakitazama mbingu. Masolwa alikwenda kwa Yahaya mbio.

"Umeniuzia maiti!"

"Mtani," Yahaya alisema kwa upole, "umekasirika?"

Watu wa uani waligeuka kutazama. Masolwa akashusha sauti. "Nani? Mimi? Sijakasirika."

"Nilidhani. Wanangu wamekufa, mimi ndiye mfiwa, nawe unanifokea? Haya, lete debe la asali nikutafutie ndugu zao."

Ndugu zao walikuwa wakiishi katika dimbwi la Mto Igombe, na kuwavua kulihitaji kipande cha chandarua tu. Wakaletwa, wakalishwa ugali, wakasuguliwa, wakaoga jua, wakafa. Debe la pili likaenda. Masolwa sasa alikuwa akiingia msituni kwa miguu, akirudi na mzegazega begani, madebe yakining'inia huku na huku, na asali yote ilikwenda kwenye samaki. Nyumbani walianza kula kisamvu bila karanga. Tena watu walikwisha rudi kwa redio.

Kama Yahaya angeondoka na baiskeli mapema, hadithi hii angeisimulia mwenyewe huko Dar es Salaam, kwa majivuno. Lakini mtaka yote hukosa yote.

Siku Apolinaria alipotumwa kupeleka debe jingine, alimkosa Yahaya chumbani. Mlango ulikuwa wazi. Alikuta baiskeli imeviringishwa magunia, tayari kupandishwa gari la moshi. Na pale chini ya kitanda, kivulini, aliona karai. Ndani yake mlikuwa na majani ya mtoni, mchanga, maji ya kijani kibichi kidogo, na samaki wachache wa Igombe walionona, wakipita taratibu pamoja na vitoto vyao. Hapakuwa na chembe ya ugali.

Hasira ilimpanda. Alikumbuka bega la mumewe lilivyochubuka kwa ule mti wa mzegazega. Kisha akakumbuka neno moja la Yahaya, hasira ikashuka, na akarudi nyumbani na debe lake akicheka peke yake njiani.

Kesho yake mchana Yahaya alikuwa akifunga sanduku, gari la Dar es Salaam likisubiriwa, aliposikia vilio. Umati ulikuwa unaingia uani. Mbele alikuwa Apolinaria, kanga imekazwa kiunoni, amebeba kopo la sadini lililofunikwa kitambaa cheupe. Nyuma yake Masolwa, na nyuma yake nusu ya Wanyamwezi wa Kanyenye.

"Mayu wane, mama yangu!" alilia Apolinaria. "Wanao, mtani! Wanao wamekwisha!"

"Wanangu gani?"

Kilio kikakatika ghafla.

"Uliowalea tangu mayai," Apolinaria alisema. "Uliyasema nyumbani kwangu. Ukayasema tena hapa uani, kwamba wewe ndiye mfiwa. Au ulikuwa unatudanganya?"

Yahaya aliwatazama watu. Akisema ni uongo, wangeuliza na mengine yalikuwaje. "Ni wanangu," alisema, sauti imekonda.

"Basi pole sana, baba," alisema Apolinaria, na watani wakaanza kazi.

Mchukuzi mmoja aitwaye Nikolaus alijilaza kizingitini na lile kopo kifuani. "Maiti haipiti, mfiwa hapiti, mpaka ada!" Wanawake walimruka wakaingia. Madebe ya asali yakatoka moja baada ya jingine. Mmoja alivaa koti la Yahaya, akatembea uani kwa madaha akisema, "Samaki ni kama sisi, wanapenda jamaa," watu wakaanguka kwa kicheko. Masolwa hakuchukua kitu kingine. Aliyafungua magunia polepole, akaishika baiskeli yake usukani, na macho yakamlenga machozi.

"Wizi!" Yahaya alipiga kelele. "Askari! Naibiwa!"

Askari alikuwepo, alikuja kuangalia fujo. Kwa bahati ya Yahaya, alikuwa mtu wa Lusu, Mnyamwezi naye.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Samaki."

"Wa nani?"

"Wa... wangu."

"Walikuwa wanakaa kwa nani?"

"Kwa Masolwa."

"Walifikaje huko?"

Yahaya aligeuka kuitazama baiskeli. Askari akamtazama kwa makini. "Mtani," alisema, "umekasirika?"

"Sijakasirika," alisema Yahaya.

Filimbi ya gari ikasikika. Yahaya alikimbilia mlangoni, lakini Nikolaus alijinyoosha zaidi. Apolinaria akatoka uvunguni mwa kitanda amekumbatia karai.

"Wosia bado," alisema. "Hawa ni mayatima. Baba yao anasafiri. Walelewe vipi?"

"Mama, gari!"

"Mayatima kwanza."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu afike Tabora, Yahaya alisema kweli tupu, tena mbiombio. "Wawekwe kivulini! Majani yaachwe, ndiyo pumzi yao! Maji yalale ndooni kutwa kucha kabla ya kuwatilia! Usiyamwage yote, punguza kidogo, ongeza kidogo! Mchanga usioshwe kwa majivu! Chakula kidogo, kikibaki umezidisha! Na wawe wachache, mama, wachache, kioo si kambi ya manamba!"

"Kumbe unajua," alisema Masolwa. Alisema taratibu, bila utani, na Yahaya hakuweza kumtazama.

Nikolaus aliinuka. Apolinaria alichota samaki mmoja mdogo, akamtia katika kopo tupu la asali lenye maji, akamkabidhi Yahaya kwa mikono miwili. "Hatumtoi mfiwa mikono mitupu. Mlee."

Yahaya aliliwahi gari likiwa limekwisha anza kusogea, bila koti, bila madebe, kopo likimmwagikia kifuani. Akapata nafasi katika behewa la tatu, akakaa, akahema. Jirani yake, kijana mwenye kibuyu na mkeka, alichungulia ndani ya kopo.

"Mzuri huyu! Ni wa nini?"

Ulimi wa Yahaya uliamka wenyewe. Macho yakang'aa, mkono ukafunika kopo kwa upendo. "Huyu, ndugu yangu, usimwone hivi. Huyu ni mwa..."

Aliinua uso akalitazama behewa. Lilikuwa limejaa manamba wanaokwenda kwenye mkonge, mizigo miguuni, wakiongea na kucheka, na Kinyamwezi kilikuwa kimetanda kutoka mlango hadi mlango.

"Ni nani?" kijana aliuliza, na wenzake wawili watatu wakageuka kusikiliza.

"Kitoweo," alisema Yahaya. "Kitoweo tu."