Mapazia ya Komando

Jumatatu, 4 Agosti
Amerudi! Komando wangu, binti yangu wa zimamoto, yuko chumbani kwake na mlango kaufunga! Hujambo, shajara. Salamu zimechelewa, leo adabu imenitoka.

Kapewa likizo atulize mishipa ya fahamu. Tangu paa la ghala lililowaka liporomoke na kuwafungia ndani, yeye na wenzake, sufuria ikianguka anaruka. Mshauri wake wa hospitali kamwambia kila asubuhi akae kimya, asikilize pumzi, auulize mwili wake unaogopa nini. Vizuri. Ila tangu afike hajacheka. Kicheko kile kilichokuwa kinavuka ukuta! Nakitamani!

Jumanne, 5 Agosti
Anataka utulivu? Mama yake ni fundi wa mapazia, tena si wa kubahatisha! Namshonea pazia zito la tabaka tatu. Halitapitisha mwanga wala sauti ya wifi yangu.

Wifi kachungulia, kasema pazia halitibu mtu. Mwanawe karani wa benki akichoka hulala tu, basi. Nikamuuliza mwanawe huchoshwa na nini, kugonga mihuri?

Jumatano, 6 Agosti
Balaa! Nilitundika pazia akiwa anaoga. Kaingia, kafunga mlango, giza likamkaba. Katoka mbio miguu peku mpaka bombani uani, anatafuta hewa. Giza lile lile la ghala. Mimi mzazi nimemshonea moshi!

Nikamfuata nimsaidie kupumua. Vuta! Toa! Vuta! Sauti yangu kama ya mnadani, majirani wote ukutani. Akaniomba, kwa upole kabisa, ninyamaze. Akabaki anataja taratibu anavyoviona, kama mshauri alivyomfundisha: ndoo, kamba, kuku. Akatulia.

Jioni kasema huenda akarudi bweni la kazini, kuna ukimya zaidi. Nikajibu sawa, mwanangu. Nikaingia chumbani kwake, nikaulalia mto wake.

Ijumaa, 8 Agosti
Pazia nimelishusha. Nimeapa kuwa bubu, mradi asiondoke. Kasema kama ni hivyo tukae wote asubuhi, na mimi nijisikilize. Kitu gani hicho cha kunishinda!

Nikakaa mkekani, nikafumba macho. Nikajiona siku ya moto, nimekaa kizingitini, simu kiganjani, hailii. Hailii. Sijawahi kumwambia mtu.

Nikasema naenda kuangalia chungu kisiungue. Akanishika mkono, akasema mama, hata jiko hujawasha. Basi nikamweleza ile simu. Akasema hata wewe, mama, ulikuwa ndani ya ule moshi, ila hakuna aliyekuja kukutoa. Nikalia. Kidogo tu. Halafu akaniegemezea kichwa begani, kama alivyofanya zamani akirudi kutoka shule, na sikusema neno. Mimi! Sikusema neno!

Jumapili, 10 Agosti
KACHEKA! Tumekaa kimya, pumzi zimeshuka, tumbo langu likanguruma kama cherehani isiyotiwa mafuta. Akajizuia. Akashindwa. Kicheko chenyewe kimepungua, kinatembea kama mtu aliyetoka kuugua, lakini ni chake! Nimekitambua hata nikiwa nimefumba macho.

Kasema atabaki mpaka likizo iishe. Ombi lake ni moja: nyumba iwe kimya, yeye na mimi tu. Nikaapa. Niliapa kwa moyo safi kabisa, shajara, wewe shahidi.

Kisha nikatoka kumwaga maji, nani yuko pale? Wifi. Nikamwambia. Akasema nazua, eti ni kukohoa. Kukohoa! Nikamwambia basi aje asikie kwa masikio yake, na karani wake aje, ajifunze watu wanavyocheka. Mama wa nyumba ya pili kasikia, kauliza mbona yeye hakualikwa. Nikamwalika na yeye. Shemeji yangu analeta viti. Kinyozi wa mtaani analeta spika. Nimemsisitizia asiifungulie sana, mtoto anatakiwa atulie.

Komando bado sijamwambia. Nitamwambia akishamaliza kupumua.

Ni Jumamosi ijayo, saa kumi jioni. Wanakuja wote.