Ubongo Wangu Kabla ya Jubilei

Jumatano, 8 Juni 1994

Balaa! Mbele ya mkwe, nimemwita mke wangu Luisa. Miaka thelathini ya ndoa! Mektilda akauliza huyo Luisa ni nani. Simjui Luisa yeyote! Hakusadiki. Jumapili ni jubilei yetu, na ahadi za ndoa husemwa bila karatasi. Amesema nikikosea jina lake mbele ya padri, anahamia kwa kaka yake, kijiji cha Litumbandyosi. Jirani yetu Bernadi, mwenye jubilei siku hiyohiyo, anajigamba kijiji chetu kizima cha Mbaha kwamba ahadi anazijua hata usingizini. Fidhuli.

Nimekwenda zahanati. Nesi Eunice kanipima presha, kasema ubongo hutunzwa tangu tumboni mwa mama hadi uzeeni: usingizi, matembezi, chumvi kidogo, mazungumzo, kujifunza jambo jipya. Maisha yote! Mimi nina siku nne.

Alhamisi, 9 Juni

Njia ya mkato: vichwa vya samaki. Akili si hukaa kichwani? Nimekula kumi na vinne, vya chumvi. Tumbo limegoma. Ahadi nazo zimegoma.

Ijumaa, 10 Juni

Jambo jipya! Siku hizi za ruksa, biashara ikiwa huria, kila kitu kipo dukani, hivyo Mzee Musa mwenye duka kaniazima baiskeli mpya. Kabla sijajua breki iko wapi, nimo ndani ya usipa, dagaa wa ziwani wa Bibi Kunigunda, walioanikwa mchangani. Nimemwamkia shikamoo nikiwa chali.

“Marahaba. Sasa inuka uwaokote, mmoja mmoja.”

Nimeokota hadi jioni na kina mama. Wamenicheka, nami nikacheka. Wamenifundisha wimbo wa Kinyasa, beti tisa. Nimerudi kwa miguu, nikikokota baiskeli yenye gurudumu lililopinda.

Jumamosi, 11 Juni

Nimelala kama gogo! Nimeamka nikiimba beti zote tisa. Mektilda kanitazama kwa mashaka.

Jumapili, 12 Juni

Bernadi alitangulia. Alikuwa amekesha akikariri. Akafumba macho, akamwahidi padri uaminifu hadi kifo. Kanisa hoi kwa kicheko! Zamu yangu. Nikaishika mikono ya Mektilda. Nikamtazama. Jina likaja lenyewe, na ahadi zote nyuma yake. Akalia, akacheka, akanifinya.

Kwenye karamu Nesi Eunice kasema niendelee hivyohivyo. Niendelee na nini? Ubongo umeshapona! Sasa ni kuutunza usichakae. Kuanzia kesho sitembei, sipigi soga, sijifunzi kitu. Nakaa kitini, kimya, hadi Krismasi.