Spika za Baba Mkwe na Sponji ya Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshinda! Yaani bado, lakini nitashinda.

Baba mkwe ametuita jioni, mimi na mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu. Anapima maji maabara. Hata chai hanywi kabla hajaiinua kwenye mwanga akaikagua. Namwita Bwana Vipimo. Yeye ananiita Fundi, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Mzee kasema redio yake kubwa ya kaseti bado nzima, ila spika zimechanika, zinakoroma tu. Anataka spika nyingine, za bei ya mstaafu. Kila mmoja wetu alete jozi moja, Jumapili azisikilize, achague. Kisha akaongeza, kama vile imemponyoka, kwamba Jumapili hiyo hiyo atatuambia chumba cha mbele cha nyumba yake kinakwenda kwa nani.

Imemponyoka! Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini haponyokwi na kitu. Atakayeleta spika nzuri ndiye atakayepewa chumba. Nimeng'amua peke yangu, bila msaada.

Nakitaka chumba kile mpaka nawashwa. Mimi ni fundi makochi. Kazi nafanyia kwenye banda ubavuni mwa gereji, oili inadondokea vitambaa vya watu, na mwenye gereji keshasema mwisho wa mwezi niondoke na mbao zangu. Chumba cha mbele kina mlango wa barabarani na dirisha kubwa. Bwana Vipimo anakitaka auzie machujio ya maji. Machujio! Mtu ana kazi, ana meza, ana koti jeupe, bado anataka na chumba.

Mke wangu ameniomba safari hii nisiwe mjanja. Niende dukani nisikilize spika kwa masikio, basi. Nikamuuliza kwani huwa nasikiliza kwa nini. Akasema kwa mdomo.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua. Wanaume tunanunua, hatuzunguki.

Bwana Vipimo kazunguka maduka sita, nimeambiwa. Kamrekodi mkewe kwenye simu akisoma karatasi ya dawa ya kikohozi, na kila duka anaomba wamchezee hiyo hiyo, kwa sauti ya chini. Kwenye daftari anaandika alama. Wauza duka wanamcheka. Nimecheka nao.

Mimi nina kanuni tatu. Spika nzuri ni nzito. Spika nzuri ina wati nyingi. Spika nzuri inawaka taa. Zangu ni nzito, nimetoka nazo dukani kiuno kimepinda. Ubavuni zimeandikwa wati elfu mbili. Zina taa za bluu. Mwenye duka aliniwekea wimbo wake mwenyewe, besi ikatetemesha rafu, ndoo mbili za plastiki zikaanguka chini. Nikamwambia funga mzigo.

Bei ya kutupa! Aliniambia anaipunguza kwa kuwa ameniona nina sikio. Kwa kweli ninalo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nimeziunganisha nyumbani. Mtangazaji wa taarifa ya habari alikuwa anaongea akiwa ndani ya ndoo. Mwanangu mdogo akauliza huyo mtu amefungiwa wapi. Nikaongeza sauti, ndoo ikawa pipa. Ndipo nikajiuliza kama ile besi ya jana ilikuwa ya spika au ya rafu.

Nikazifungua kwa bisibisi. Humo ndani kuna spika ndogo kama kifuniko cha chupa ya maziwa, waya mwembamba kuliko uzi wangu wa kushonea vifungo, na chini, jamani, kipande cha saruji. Kimegundishwa vizuri kabisa. Hicho ndicho uzito wote. Nimerudi dukani mbio, mwenye duka akanisomea kibao cha ukutani kwamba bidhaa ikishatoka hairudi. Nikamwambia saruji si bidhaa. Akasema dukani kwake ni bidhaa.

Mke wangu alikikagua kile kipande cha saruji. Kisha akakichukua kuzuilia mlango wa jikoni.

Lakini akili ni mali yangu. Baba mkwe ni mtu mzima, anapenda vitu vya heshima. Nimezivalisha spika ngozi ya bandia, rangi ya damu ya mzee, mbele na nyuma, na vifungo kumi na viwili kila moja, vimezama vizuri kama kwenye kochi la waziri. Hakuna kilichobaki wazi ila taa za bluu. Zimependeza mpaka nimejisikia kuzikalia. Bwana Vipimo atalia.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Baba mkwe amenituma nikatundike pazia sebuleni kwake. Spika zote zitakaa nyuma ya pazia. Anataka kusikia bila kuona, ili asimpendelee mtu. Vifungo ishirini na vinne, vyote nyuma ya pazia!

Nilipofika kupima dirisha na ukuta nilimkuta amepiga magoti mbele ya redio, sikio limebanwa kwenye spika mbovu. Alipogeuka, shavuni alikuwa na alama za wavu wa spika, vijistari vijistari. Nikajifanya sikuviona. Akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa. Ni kaseti ya marehemu mama mkwe. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri tena, kwa hiyo barua za kwenda kwa dada yake alikuwa anazisema kwenye kaseti. Hii ni ya mwisho, haikupelekwa, maana wiki ile ile alituacha. Mwishoni anamjibu mzee jambo fulani alilokuwa amemuuliza, na hapo ndipo spika zinapokoroma. Miaka miwili anabana sikio, anaambulia kicheko chake tu.

Mama mkwe alikuwa akinipenda, au angalau akinicheka, na nyumba ile hakuna mwingine aliyekuwa anacheka. Nilitamani kumwambia mzee nunua zozote, hata za yule wa maji, mradi umsikie.

Nilitamani hivyo mpaka kwenye geti. Barabarani akili ikanirudia.

Ijumaa, 7 Machi

Siri hii nitaiandika humu tu.

Spika za Bwana Vipimo zimeshaletwa. Hizo hapo kwenye meza: ndogo, za mtumba, zimekwaruzika, hazina taa hata moja. Mzee alikuwa ametoka kwenda kunyoa. Nimebaki peke yangu na pazia, ngazi na bisibisi. Nikaziwasha, kwa utafiti tu.

Ni nzuri. Mdudu huyu! Mwanamke akiongea unasikia mpaka midomo inapogusana. Zina kasoro moja tu, zinavuma. Kila neno linafuatwa na mvumo chini yake, kama mtu anayeburuta meza chumba cha jirani. Lakini zangu ni ndoo, na ndoo iliyofunikwa ngozi.

Basi nikafikiri hivi. Sponji inanyonya maji. Sauti nayo ni kitu kinachotoka mahali, kinaweza kunyonywa. Ndani ya mfuko wangu wa kazi kulikuwa na sponji mpya ya kochi la mwalimu mkuu, mama mmoja mkali wa shule ya jirani. Nikafungua spika nyuma, nikakata vipande, nikashindilia kila pembe, kiti chote cha kati kikaisha. Nikafunga skrubu. Nilitaka kujaribu nisikie jinsi zinavyokufa, ila geti likalia, mzee amerudi na kichwa kinang'aa. Akanisifu pazia limenyooka. Nikamwambia kazi ni kazi, baba.

Roho inanisuta kidogo. Kidogo tu, upande wa kushoto.

Jumamosi, 8 Machi

Sikai, silali, sili. Mke wangu ameniuliza nina nini, nikasema mgongo. Ameniuliza nimefanya nini, nikasema mgongo.

Mwalimu mkuu amekuja bandani kulitazama kochi lake. Kiti cha kati kina shimo unaloweza kumwogeshea mtoto. Nikamwambia sponji inapumzika, sponji ya kisasa lazima ipumzike kabla ya kukaliwa. Akaniangalia kwa jicho la ubaoni. Kasema Jumanne anakuja na mume wake.

Mwenye gereji naye kapita akihesabu kwa vidole siku zilizobaki. Kesho ni kesho.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulikaa sebuleni wote: mzee kwenye kiti chake, mke wangu na dada yake, Bwana Vipimo na daftari, mimi pembeni ya pazia kwa ajili ya kubadilisha nyaya. Kura ikatoa zangu kwanza. Mzee akaweka ile kaseti, akafumba macho, nikabonyeza. Mama mkwe akatoka kwenye ile ngozi kama mtu aliyefunikwa mablanketi matatu, anaomba msaada. Dada wa mke wangu akakohoa. Mzee akasema inatosha, asante, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi.

Nikahamishia nyaya kwenye spika za mwenzangu. Nilikuwa nashangilia moyoni. Nikabonyeza.

Jamani. Mama mkwe akaingia chumbani.

Hapana mvumo, hapana meza inayoburutwa. Sauti kavu, safi, ya karibu, unamsikia anavuta pumzi, unasikia kijiko kwenye kikombe chake. Sponji yangu ilikuwa imenyonya mvumo wote ikaacha sauti! Bwana Vipimo akainua kichwa, akakunja uso. Mzee hakutikisika.

Ikafika mwisho, pale pa kukoroma. Alikuwa anamwambia dada yake kwamba mzee amemuuliza chumba cha mbele wampe mkwe yupi. Yeye anaona huyu wa maji popote atakapowekwa ataishi, hana haja ya kuangaliwa. Ila huyu wa makochi ni mwongo mwongo, kila mpango wake unamwangukia mwenyewe, na hajaona mtu wa kumchekesha mpaka mbavu ziume kama yeye. Akiachwa mbali atajimaliza. Apewe chumba kile, kwa sababu kina kidirisha cha kutazama sebuleni, watakuwa wanamwona anafanya nini. Akacheka. Kisha akamgeukia mumewe, akamwambia mzee, funga huo mlango, upepo unaingia.

Mzee akainuka. Akaenda mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Akaufungua, akaufunga tena, akabaki ameshika kitasa.

Nililia. Sioni haya. Tulilia wote, hata Bwana Vipimo, ila yeye alikuwa wa kwanza kumaliza. Alifuta pua akasema spika zake zilikuwa zinavuma, alizipima, ipo kwenye daftari, na leo hazivumi. Akaomba bisibisi. Nikasema bisibisi yangu imepotea. Mke wangu akaitoa kwenye mfuko wangu wa shati akampa.

Sponji ikachomoza kama unga wa mkate ulioumuka. Kipande cha kwanza kilikuwa na mwandiko wangu wa penseli: Mwalimu mkuu, kiti cha kati.

Nikasema ilikuwa zawadi. Nikasema nilitaka kuziboresha kimya kimya, mimi si mtu wa kujitangaza. Bwana Vipimo akataka aelezwe kama amefanyiwa hujuma au huduma, maana anashindwa kuandika. Nilikuwa nimefumba macho nikingoja kufukuzwa, nikasikia kitu nisichokisikia nyumba ile kwa miaka miwili. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema marehemu alimjua mtu wake. Spika amechagua za Bwana Vipimo. Sponji ibaki humo humo. Na chumba ni changu, kama mama alivyosema.

Jumanne, 11 Machi

Nimehamia! Mashine ya kushonea iko dirishani, watu wa barabarani wananiona. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alijua thamani yangu. Kanitaja kwenye kaseti kuliko mtu mwingine yeyote. Yale mengine kuhusu uongo nadhani alikuwa anatania.

Bwana Vipimo kapita hapa akienda kazini kwake, kanuna. Amenipongeza kwa mkono mmoja. Nimempa wazo tufungue biashara, yeye achague spika, mimi nishindilie. Amesema atalifikiria akifa.

Mzee anasikiliza kaseti asubuhi hadi jioni. Habani sikio tena, yuko kitini kwake, kidirisha kiko wazi, kila nikigeuka namwona. Amenunua na kiti cha kuzunguka, ageukie redio au kidirisha.

Kuna jambo dogo tu. Mwalimu mkuu na mume wake wanafika saa kumi, na sponji yao ndiyo hiyo imo kwenye spika, siwezi kuigusa. Lakini nimeshapata ufumbuzi. Nyuma ya mlango nimekuta rundo la magazeti ya zamani ya mzee na trei tupu kumi na nane za mayai. Nikizipanga vizuri ndani ya kiti cha kati, nikafunika kwa kitambaa kizito, hakuna atakayejua. Mwalimu mkuu akikaa huenda pakatokea mchakacho kidogo, sikatai.

Lakini nani atasikia?