Ukuta wa Ufukweni Usiguswe

Trieste, Jumatatu

Mheshimiwa Diwani,

Salamu, na pole kwa joto hili. Mimi ni Nerina Furlanich, mke halali wa Ucio, na naoga upande wa wanawake tangu nikinyonya. Nimesikia unataka kuubomoa ukuta unaotenganisha wanawake na wanaume kwenye ufukwe wetu wa kokoto, eti wageni wakae na familia zao. Nilishtuka mpaka kahawa ikanipanda puani. Kwa heshima zote, nayaleta malalamiko yangu.

1. Wageni walikuwa wakipiga picha ile ngome ya kale ya mji wetu, wanalamba aiskrimu, wanaondoka zao. Sasa kuna mbea amewaambia kuhusu ukuta. Juzi bwana na bibi kutoka Austria walisimama mlangoni wameshikana mikono kama wanaopelekwa jela mbalimbali. Bi Jolanda, jirani yangu wa taulo, akamwambia yule bibi: "Ingia, mwanangu, hafi mtu hapa! Jioni utamkuta palepale, hajachacha." Kufika mchana bibi alikuwa kalala kifudifudi anacheka nasi, na lugha yetu hajui hata neno. Mumewe ndiye aliyekuwa akimwita kutoka upande wa pili.

2. Upande wetu tunavua tunachotaka, tunakula dagaa wa kukaanga kwa mikono, na tunawasema waume zetu. Ukuta ukianguka, watasikia. Wewe pia una mke, Mheshimiwa, naye huja kila Alhamisi. Siongezi neno.

3. Ucio ana la kusema juu ya kila kitu: ninavyokaanga, ninavyoegesha gari, hata ule upepo wetu mkali wa baridi uitwao Bora anaulaumu kwamba siku hizi hauvumi sawasawa. Ndoa yetu imepona kwa sababu ya asubuhi za kiangazi. Nikinyang'anywa hizo nitamwacha, na mimi nampenda, kwa hiyo usilichukulie jambo hili kimzaha.

4. Basi ukuta usibomolewe, urefushwe. Hapo unapoishia majini waume wanauzunguka kwa kuogelea, wanaelea kama maboya na kuuliza, "We Nerina, leo tunakula nini?" Upelekwe mbele, hata ufike Venisi. Kisha uingizwe mjini: kwenye mabasi, mikahawani, kanisani. Kwangu upite katikati ya sebule, mimi nibaki na jiko, Ucio apewe baraza, maana huko ndiko anakokoroma. Saruji ikipungua, wanawake tutabeba mawe wenyewe.

Nisalimie mkeo, mama mkwe wako, karani wako mwenye mafua yasiyoisha, na wote wanaotutakia mema huko ofisini.

Wako mtiifu, mpaka hapo utakapogusa ukuta,

Nerina Furlanich

N.B. Kabla sijatia barua hii posta: Ucio ametolewa mtoto wa jicho, na daktari amemkataza maji ya chumvi. Leo nimekwenda ufukweni peke yangu. Wanaume walikuwa wengi upande wa pili, wanabishana kama kawaida yao. Bi Jolanda akaniuliza, "Mbona umenyamaza hivyo, unaumwa?" Nikamwambia ni jua. Kumbe siku zote natandika taulo pale chini ya ukuta ili nimsikie Ucio anavyobisha. Kwa hiyo, Mheshimiwa, fundi wako akija, namwomba atoboe tundu dogo, usawa wa kichwa changu nikiwa nimelala. La kupitisha mkono tu.