Giaboksi ya Harusi ya Phelista

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Khisa! Huyo shemeji yangu hana haya. Leo amekuja hapa kwangu Misikhu, akanywa chai yangu, kisha akatangaza mbele ya dada yake, mke wangu Sellah, kwamba siku ya harusi ndiye atakayempeleka Phelista kanisani Lugulu. Kwa pikapu yake ya maziwa! Ati Landrova yangu inaruka kama chura kila nikibadilisha gia, bibi harusi atafika na nundu kichwani. Ng'ombe wa mjomba katika mahari amekwisha kupewa. Sasa anataka na kiti cha baba.

Phelista ni binti yangu wa kwanza. Nilimwahidi tangu akiwa darasa la pili kwamba nitampeleka mwenyewe. Nitampeleka.

Dawa nimeipata kabla chai haijapoa. Giaboksi otomatiki! Hakuna klachi, hakuna kurukaruka, na mkono mmoja unabaki wa kuwapungia watu. Sellah akauliza ni nani husalimia wakwe kwa mkono wa kushoto. Nikamjibu kwamba usukani nitaushika kwa kushoto, nipunge kwa kulia. Akaondoka na vikombe.

Jumatano, 9 Agosti

Kitale, kwa Aziz, muuza vipuri vya mitumba. Alikuwa na giaboksi mbili za otomatiki. Moja kubwa, nzito, imetoka kwenye gari la kupanda milima, na inazungusha magurudumu yote manne. Nyingine ndogo, imetoka kwenye gari la mjini, lakini mpini wake ni wa mbao inayong'aa! Aziz akanishauri nichukue kubwa. Ati ndogo imezoea lami, na kwa injini yangu ya dizeli itachanganyikiwa. Wauzaji! Daima wanakusukumia kile kilichowadodea.

Nimechukua yenye mpini wa mbao.

Ijumaa, 11 Agosti

Bungoma, kwa fundi Shafi. Nimetukanwa kwa adabu. Aliizunguka giaboksi, akaguna, akauliza ni nani aliyenichagulia. Nikasema ni mimi. Akasema inaonekana. Ati lazima atengeneze sahani ya kuiunganisha na injini, na magurudumu ya mbele hayatavuta tena. Nikamweleza kwamba ya mbele kazi yake ni kukata kona.

Halafu akaanza habari ya betri. Yangu ilikufa zamani na sijawahi kuilaumu. Landrova hulala kwenye mteremko kando ya nyumba, asubuhi majirani wanasukuma, naachilia klachi, linawaka. Ndivyo tunavyoishi huku. Shafi akasema, "Mzee Eliakim, otomatiki haisukumwi ikawaka, bana. Bila betri hiyo ni kitanda."

Bila shaka ana ndugu anayeuza betri! Nilipomsimulia Sellah, badala ya kucheka aliuza kuku wake akanunua betri mpya. Mwanamke huyu hudanganyika upesi.

Jumatano, 16 Agosti

Limekamilika! Nimeliendesha kutoka Bungoma mpaka nyumbani. Linalia sana kabla ya kubadilisha gia, lakini halirushi mtu. Sokoni Misikhu nilimwona Khisa. Nikampungia. Akajifanya anakagua mikebe ya maziwa. Sijafurahi hivi tangu aanguke kisimani.

Ijumaa, 18 Agosti

Majirani wamekuja kuliona. Nimewasha taa mchana kutwa ili wazione, na redio pia. Injini niliizima, dizeli si maji. Khisa akauliza kama betri haitaisha. Wivu! Nikaongeza sauti ya redio.

Jumamosi, 19 Agosti

Aibu! Uonevu!

Phelista ameketi nyuma, shela imejaa gari lote. Nikazungusha ufunguo. Tik. Tena, tik. Kisha hata tik haikuja. Khisa naye amewasha pikapu, anakanyaga mafuta bila sababu yoyote.

Majirani wakasukuma kwenye mteremko kama kawaida. Vijana wakapiga kelele, "Mzee, achilia klachi!" Klachi ipi? Nilikanyaga sakafu tu. Gari likateremka hadi barabarani, likakaa kimya. Kwa nini Shafi hakunieleza vizuri?

Khisa akafungua mlango, ati bibi harusi ahamie kwake, mchungaji anangoja. Nilimtazama Phelista kwenye kioo. Niliona kabisa nimeshindwa.

Phelista akasema, "Si baba alisema atanipeleka? Mjomba, shika hapo nyuma usukume."

Wakasukuma mpaka Lugulu! Akina mama wa kanisa wakiimba, vijana, na Khisa na suti yake ya kijivu, tope mpaka kwenye tai. Bwana harusi alikuja kutupokea njiani, naye akaenda nyuma ya gari kusukuma. Nilishika usukani kwa kushoto, nikawapungia kwa kulia kama nilivyopanga. Hakuna hata mmoja aliyenijibu! Ati mikono yao ilikuwa na kazi. Adabu imekwisha.

Mlangoni nilimshusha mwenyewe. Nililia. Niliwaambia ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimefikiri sana, na kosa nimelijua. Giaboksi ile ni ndogo mno, nyepesi, ndiyo sababu gari halikupata nguvu ya kuwaka liliposukumwa. Leo nimerudi Kitale kuweka oda ya ile kubwa. Aziz, mtu asiyeamini wateja, alidai nimwachie kitu. Nimemwachia betri.

Sellah anauliza betri iko wapi. Maswali gani haya? Watu wanaosukuma vizuri namna ile, betri ya nini?

Bilha, mdogo wake Phelista, anaolewa Desemba. Kwenye kadi nitaagiza waandike kwamba waalikwa wote waje na gambuti za kukanyagia tope.