Ghorofa ya Kumwangalia Martini

Jumapili, 5 Februari 1978

Nimeamua. Nyumba itakwenda juu.

Nimelipata wazo hili katikati ya mahubiri, kwa hiyo lina baraka. Nyumba yangu ina vyumba vinne, matofali ya kuchoma, bati zima isipokuwa juu ya jiko. Kasoro yake ni moja. Martini anakaa upande wa juu wa mteremko.

Martini ni dereva wa watalii. Asubuhi anawapeleka Wazungu kreta kutazama wanyama, jioni anarudi kukaa barazani na redio yake. Nikiwa uani kwangu naona paa lake. Kwa hiyo yeye akiwa barazani anaona uani kwangu. Miaka minane sasa naoga, nakula na kugombana na mbuzi chini ya macho ya mtu yule.

Ushahidi ninao. Mwezi uliopita aliniuliza kikohozi kinaendeleaje. Sikuwa nimemwambia kwamba nina kikohozi. Juzi akanipongeza kwa mbuzi wangu kuzaa. Mbuzi alizaa alfajiri ya siku hiyohiyo.

Nikiongeza ghorofa moja, mimi ndiye nitakuwa juu. Halafu tuone nani atamwuliza nani habari za kikohozi.

Nimemweleza mke wangu, Cresensia. Akauliza kama nimemwambia mama yake. Mama mkwe alikuja kutoka Baray mwezi wa sita mwaka jana kutibiwa macho. Macho yalipona mwezi wa saba. Bado yupo, tena chumba cha mbele, chenye jua. Nikasema mambo ya ujenzi hayahitaji kikao.

Jumamosi, 11 Februari

Ramani nimechora mwenyewe. Kabla sijawa karani wa kupima kahawa nilimshikia mpima ardhi fito zake kwa miezi mitatu, na utaalamu wa namna ile haumtoki mtu. Chini pabaki kama palivyo. Juu: chumba cha kulala, ofisi yangu, na dirisha la upande wa Martini. Dirisha nimelichora mara tatu. Kila mara limekuwa kubwa zaidi.

Fundi ni Hhando, mtu wa Mbulu. Amejenga mabweni mawili na ghala la ngano. Si msemaji. Ameitazama ramani, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Karani," akasema, "watu watapandia wapi?"

Nikamwambia ngazi ni suala la baadaye. Akaigeuza ramani mara ya tatu. Nikaongeza kwamba ngazi itakuwa ya nje, kama hotelini. Ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Sikutaka tu kujaza karatasi.

Jumatatu, 13 Februari

Ngazi ya nje haina pa kukaa. Mbele kuna mlango. Nyuma kuna jiko. Kushoto kuna zizi la mbuzi. Upande uliobaki ni wigo wa michongoma, na nyuma ya wigo ni kwa Martini. Hhando amepima. Tunahitaji mita moja ya ardhi ya Martini.

Nimemtuma Cresensia akaombe. Amesema anayetaka ghorofa aende kwa miguu yake.

Jumanne, 14 Februari

Nimekwenda. Martini alinikaribisha barazani. Nikakataa kuketi. Nikasema miguu yangu ina vumbi. Kukaa pale na kutazama uani kwangu pamoja naye, kama watalii wawili, ni kujidhalilisha. Tukaongea getini.

Nilikuwa nimeandaa hoja tatu. Sikutumia hata moja. Martini alikubali mara moja, akasema wigo atausogeza yeye mwenyewe siku yake ya mapumziko, na akaniuliza kama kikohozi kimekwisha. Ni mtu wa hila sana.

Alikuwa na ombi dogo. Bafu la mkewe, Benedicta, ni la mabati na halina paa. Kwa hiyo upande wake nisiweke dirisha.

Nikakubali. Nilikuwa tayari nimeshikana naye mkono niliposikia nilichokubali.

Jumatatu, 20 Februari

Bati limeezuliwa. Mbao za sipresi zimepangwa uani. Watu wanaokwenda sokoni wanasimama kutazama, nami nasimama mahali wanaponiona.

Hhando ameuliza kuhusu dirisha. Nimemwambia ukuta wa upande ule utakuwa mzima, kwa sababu za kitaalamu. Akachukua msumeno.

Nimeshauriwa nisubiri masika yapite. Walionishauri ni Cresensia, Hhando, paroko, na mzee mmoja aliyekuwa anapita na punda. Mvua za Karatu huanza katikati ya Machi. Nina wiki tatu. Ghala la ngano Hhando alilimaliza kwa miezi mitano, lakini ghala ni kubwa.

Jumatano, 1 Machi

Fremu ya juu imesimama. Nimetembea juu ya sakafu mpya kuanzia pembe hadi pembe. Nyayo zangu zinasikika kama za mkuu wa wilaya.

Niliposhuka mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, kanga mbili begani, Cresensia kando yake. Wameniwekea kigoda. Nikajua kuna jambo.

"Baba Valeria," mama mkwe akaanza, kwa jina la binti yetu aliye shule ya bweni. "Hapo juu atalala nani?"

Nikasema nitalala mimi.

"Na chini yako atalala nani?"

Chini ya chumba changu kipya ni chumba cha mbele, chenye jua.

Akasema yeye ni mzazi wa mke wangu. Mimi nisiyeweza kumtazama usoni vizuri wala kuketi kitandani kwake, sasa nitakuwa navua suruali juu ya kichwa chake kila jioni? Akasema nilivyotembea leo amehesabu hatua zangu zote, na kila moja ilimwangukia utosini. Akamalizia kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, jambo ambalo Cresensia amekataa kunifasiria.

Nikaona mwanga. Nikasema kwa heshima kubwa kwamba kama ghorofa inamkosesha raha, basi nitaumia, lakini sitamzuia kurudi Baray.

"Sirudi Baray," akasema. "Nitalala juu mimi."

Nikataja magoti yake. Akainuka, akaibana fimbo kwapani, akapanda ngazi ya fundi hadi juu. Hhando alimpa mkono pale mwisho. Alikaa huko hadi chakula cha mchana. Ilibidi apelekewe makande.

Jumanne, 14 Machi

Mvua.

Imeanza saa nane mchana, bila hata radi. Juu kuna kuta tatu na nusu na hakuna paa. Maji yamekaa kidogo juu ya sakafu ya mbao, kama yanayofikiri, halafu yameshuka kote kwa pamoja. Unga umelowa. Godoro limelowa. Picha ya harusi yetu imevimba. Cresensia alisimama katikati ya sebule, ameshika sufuria ndogo, akatazama juu, akatazama sufuria, akaiweka chini.

Sikumwona akilia. Alikuwa na maji usoni, lakini kila mtu alikuwa na maji usoni.

Martini alikuja na turubai la gari lake la safari na mwavuli wa watalii. Akawachukua Cresensia na mama mkwe kwenda kwake. Akanikaribisha na mimi. Nikasema lazima mtu alinde mbao. Nikalipokea turubai, kwa msimamo kwamba ni msaada kwa mke wangu, si kwangu.

Nimehamia jikoni. Mbuzi wamehamia pia. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya kinu.

Jumapili, 19 Machi, Matawi

Siku ya tano jikoni. Kikohozi kimerudi. Leo baada ya misa Cresensia amesimama nami nje ya kanisa, tawi mkononi, akaongea taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko kupiga kelele.

Alisema anataka kujua jambo moja. Je, ghorofa hii ilikuwa ya nani? Ingekuwa ya mama yake, angevumilia. Ingekuwa ya Valeria akirudi likizo, angefurahi. Lakini ameoga kwa ndoo kwa Martini siku tano, amelala kwenye kitanda cha watu, na hajui ni kwa ajili ya nani.

Nikamwambia ni kwa ajili ya heshima ya familia.

Akarudi kwa Martini. Nimeula ugali wangu na chumvi, na nimeona kwamba mtu anaweza kuwa na haki kabisa na bado akakosa mboga.

Ijumaa, 24 Machi

Paa lilikamilika jana, na ngazi ya nje pia. Hhando alifanya kazi chini ya turubai siku zote hizi, na Martini alimsaidia kupandisha bati siku mbili. Sikumwomba. Alipandisha tu.

Mama mkwe amehamia juu. Amepanga kitanda penye ofisi yangu, kwa sababu pana hewa. Cresensia amehamia juu vilevile. Anasema mama yake hawezi kulala peke yake, umri ule. Nikauliza hadi lini. Akasema hadi akauke.

Mimi niko chini, vyumba vinne, harufu ya unga uliochacha. Mama mkwe anatembea na fimbo. Sasa najua hatua zake zote. Kutwa anakaa kwenye kibaraza cha juu, mwisho wa ngazi, na Benedicta anasimama upande wake wa wigo, wanaongea. Leo nimesikia jina langu mara nne. Halafu kicheko.

Jumapili, 26 Machi, Pasaka

Tumealikwa kwa Martini, nyumba nzima. Cresensia amesema nikikataa leo, nisihangaike kumwuliza tena kama amekauka. Nikavaa koti.

Safari hii sikuweza kusingizia vumbi. Tukaketi barazani. Pilau, nyama ya mbuzi, soda za moto. Mama mkwe alipewa kiti chenye mito. Mimi nilipewa kiti cha Martini mwenyewe, kile cha jioni, kando ya redio.

Nikatazama uani kwangu.

Hauonekani. Wigo wa michongoma umesimama mrefu kuliko mtu, na nyuma yake kuna migomba. Nikainua shingo. Nikasimama kidogo, kama mtu anayenyoosha mgongo. Hakuna ua, hakuna zizi, hakuna mlango. Kutoka pale kuna kitu kimoja tu changu kinachoonekana: ukuta mpya wa mbao, mzima, usio na dirisha, unaochomoza juu ya wigo kama kabati lililosahauliwa nje.

Nikamwuliza Martini, kama kwa bahati tu, zamani alikuwa anaona nini kutoka hapa.

Akasema alikuwa anaona mlima Oldeani, wote, hadi msituni. Siku nzima anaendesha macho yakiwa barabarani, ndiyo maana jioni alipenda kuutazama. Sasa anaona nusu. Akasema nusu nayo inatosha, na akaniongeza nyama.

Nikauliza, basi kikohozi changu alikijuaje? Na mbuzi?

Benedicta akacheka, akafunika mdomo. Martini akatazama sahani yake kwa adabu.

"Jirani," akasema, "sisi hatukuoni. Tunakusikia."

Cresensia alicheka pia. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Februari. Alicheka hadi akanishika mkono ili asianguke, na hakuuondoa haraka. Tulirudi nyumbani tumeongozana. Pale kwenye ngazi alisimama kidogo, akasema labda baada ya wiki moja godoro la chini litakuwa limekauka. Halafu akapanda.

Jumatatu, 27 Machi

Nimekaa kimya asubuhi yote. Cresensia alichungulia mara mbili kuona kama naumwa.

Nimeyapima maneno ya Martini kutoka kila upande. Hawanioni. Miaka minane nimeishi hapa kama mtu anayetazamwa, nimejipanga, nimevaa shati kwenda chooni, na hawakuona hata siku moja. Mtu mwingine angesikitika. Mimi nimeona nafasi.

Kwa sababu sasa wana kitu cha kuona. Kila jioni Martini atakaa kwenye kile kiti, atainua macho kutafuta Oldeani, na atakutana na ukuta wangu. Mita sita kwa tatu, mbao safi, mtupu kabisa. Ni aibu kuacha nafasi kama ile bila kazi. Jina langu, Bonaventura, ni herufi kumi na moja. Nimepima kwa kamba. Zinaenea, kila moja nusu mita, na chini yake inabaki nafasi ya kuandika Karani.

Nimemweleza Cresensia. Ameketi kwenye ngazi ya tatu, kichwa mikononi. Nadhani ameguswa.

Kesho nakwenda madukani kutafuta rangi. Hhando anashauri nyeupe. Nitachukua nyekundu. Huku kwetu ukungu ni mwingi, na sitaki Martini apate taabu ya kusoma.